Maua Yenye Kope

Juzi nilikwenda Kagongwa na mjukuu wangu kukamua alizeti. Siku hizi kila mtu analima alizeti, hata sisi ambao mgongo umekwisha kulikataa jembe. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa mashine, vumbi la maganda likituingia puani, na harufu ya mbegu zilizopata joto, tamu na nzito, ikanijia usoni. Ubavuni mwa jengo ulikuwa umeota mmea mmoja mrefu kunizidi, ua lake limeinama kunielekea. Nikarudi nyuma bila kukusudia, nikamkanyaga mtu. Mjukuu wangu akacheka mpaka akajishika mbavu. "Bibi anaogopa maua!" Sikumjibu, maana ningeanzia wapi? Lakini ninyi wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza, mnaojua hofu ya mtoto wa enzi zile ilivyokuwa, nitawaambia.

Tulitoka kijijini kwetu Samuye, upande wa Shinyanga, nikiwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Baba alikuwa amepata kazi ya shimoni katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akaja kutuchukua, mama na mimi, tukasafiri juu ya magunia ya mtama katika lori. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na Kiswahili nilikijua kwa kukisikia masokoni tu, kwa hiyo siku za kwanza nilikuwa bubu. Kilichonitisha zaidi ni mtambo wa kuponda mawe. Ulipiga mchana na usiku, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo, vikombe vikagongana vyenyewe mezani. Baba alisema tutazoea. Mama alizoea upesi, mimi sikuzoea.

Mama alipata kazi ya uyaya katika nyumba ya mzungu aliyeusimamia mtambo ule. Mke wa mzungu, ambaye sote tulimwita Memsabu, alikuwa na mtoto mchanga mwekundu mwenye kulia sana, na mama alikuwa na mgongo mpana na nyimbo nyingi. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuachiwa mimi, nilifuatana naye kila asubuhi. Sharti lilikuwa moja: nisiguse kitu. Lilikuwa sharti jepesi, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na kitu nilichotamani kukigusa.

Kutoka sebuleni kwenda chumba cha mtoto kulikuwa na ujia mrefu, na katika ukuta wa ujia huo Memsabu alikuwa ametundika picha, moja baada ya nyingine, ndani ya fremu zenye vioo. Zote zilikuwa picha za kitu kilekile. Chungu kifupi, na ndani ya chungu vitu vya manjano, vikubwa kama sahani. Leo ninajua ni alizeti, na ninajua ni picha mashuhuri, zimechapwa hata kwenye mikoba na vikombe vya chai. Lakini wakati ule kwetu hatukuwa na alizeti. Ua la manjano nililolijua mimi ni la boga, ambalo mama alilichuma akalipika na majani yake, na hakuna ua la boga lenye uso. Vile vya kwenye picha vilikuwa na uso. Katikati mduara mweusi au wa kahawia, mmoja mwekundu kabisa, na kuzunguka mduara vijani vyembamba vilivyochongoka. Nilipoviona mara ya kwanza sikujiuliza ni nini. Nilijua papo hapo. Yalikuwa macho, na vile vijani vilikuwa kope.

Mengine yalikuwa mazima, kope zimesimama. Mengine yalikuwa yameinamisha shingo. Mengine kope zilikuwa zimepukutika, limebaki jicho tupu linalokodoa. Na mtambo ulipopiga, vioo vilitetemeka ukutani, na macho yote yakatikisika kidogo yakinitazama.

Lazima niwaeleze kwa nini nilitetemeka pamoja nayo. Pale Samuye, jirani yetu mmoja alikuwa katika chama cha wayeye, wale wanaocheza na nyoka na kutibu walioumwa na nyoka. Walikuwa na nyumba yao ya kufanyia mambo yao, na ndani ya nyumba hiyo, kuta zilichorwa kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu. Kulichorwa nini? Hatukujua, na ndiyo maana tulijua ni mambo ya kutisha. Nyumba zetu nyingine zote zilikuwa na kuta za samadi na udongo, hazina kitu. Picha ya ukutani kwetu haikuwa pambo. Ilikuwa kitu cha watu waliopitishwa, waliokula kiapo, na bibi yangu alituonya kwamba asiyepitishwa akiziona, macho yake yatalipa. Alitutajia mfano kabisa: mzee mmoja kipofu aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo na mjukuu wake. "Huyo alichungulia," bibi alisema. Nilipokuwa mtu mzima niliambiwa mzee yule alipofushwa na ndui, wala hakuwahi kusogelea nyumba ile. Lakini bibi alikuwa amekwisha kufa, sikupata wa kugombana naye.

Basi ndivyo nilivyopita katika ujia ule kila siku: nimefumba macho, mkono mmoja nimeshika upindo wa kanga ya mama. Mama alidhani ninacheza. Na yeye, kila asubuhi kabla ya kumbeba mtoto, alichukua kitambaa, akasimama mwanzo wa ujia, akazitazama picha zile kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akazisogelea moja baada ya nyingine, akazifuta vumbi, pua yake karibu kugusa kioo. Nilisimama mlangoni, nikitaka kumwita arudi.

Kisha macho ya mama yakaanza kuuma.

Mwanzoni yalikuwa mekundu tu, akasema ni moshi. Halafu yakawa yanatoa machozi asubuhi, yameganda tongo. Halafu akawa haliwezi jua, anatembea amejifunika kanga mpaka usoni. Kope zake zilikuwa zimegeuka, zinaota kuelekea ndani na kulikwaruza jicho kila alipopepesa. Wanawake wa kambini walijua dawa moja tu ya mambo hayo, kuzing'oa. Mhunzi alimtengenezea kibano kidogo cha chuma, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali, kazi ikawa yangu.

Tulikaa nje ya mlango wetu mchana kweupe, kichwa chake mapajani mwangu. Nilipindua ukope wa juu kwa kidole kama alivyonifundisha, nikashika kope, nikavuta.

"Vuta, ng'wanone, mwanangu. Usionee huruma," mama aliniambia.

"Inauma?"

"Ikibaki ndiyo inauma."

Niliiweka kila kope juu ya kanga yake, na kila niliyoiweka niliona jicho lile la kwenye picha, lililopukutika. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata mwili. Kumbe picha hazikuwa zikitazama tu. Zilikuwa zikionyesha kinachokuja. Mama alikuwa ameziona bila kupitishwa, na zilikuwa zikimlipisha, na mkono uliotumwa kukusanya malipo ulikuwa mkono wangu.

Kuna siku nilidhani nitapona hofu ile. Memsabu alimkuta mama amesimama ujiani akitazama, na badala ya kumkemea, akasimama naye. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpweke, mumewe akishinda kwenye mtambo, na nadhani alifurahi kumpata mtu wa kutazama naye. Mama akamuuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo.

"Memsabu, huyu mtu mbona alichora kitu kilekile, kilekile? Hakuwa na kingine?"

Kiswahili cha Memsabu kilikuwa cha jikoni. "Yeye alikuwa nangoja rafiki," alisema. "Nyumba tupu. Yeye nasema, mimi tapaka maua mingi, natia kwa chumba ya rafiki. Rafiki akifika, naona jua ndani ya nyumba."

Mama akacheka. "Hata sisi. Mgeni akija, unakandika upya. Tazama hapa, amekandika kwa vidole huyu, si kwa brashi. Rangi imesimama kama udongo." Akanyoosha kidole bila kugusa. "Na haya yaliyonyauka, mbona hakuyatoa? Unamwekea mgeni maua yaliyokufa?"

Memsabu akafikiri. "Mimi napenda hiyo zaidi. Yeye hakuficha. Nakufa, lakini njano yake bado."

"Na rafiki alikuja?"

"Alikuja."

"Wakakaa vizuri?"

"Hapana. Wakagombana. Rafiki akakimbia."

"Na yeye mwenyewe?"

Memsabu akagusa kichwa chake kwa kidole. "Akawa mgonjwa. Akafa."

Wale wanawake wawili walitikisa vichwa kwa huruma, wakaenda zao jikoni. Mimi nilibaki nimegandamana na ukuta. Nilikuwa nimesikia kila neno, na katika yote nilishika manne tu: aliingia, akaona, akakimbia, akafa. Nani alikimbia na nani alikufa sikupambanua. Yale ya jua ndani ya nyumba yalinipita. Mtoto akiogopa husikia anachokiogopa.

Nikamwambia baba. Ilikuwa Jumapili, tumekaa kivulini, yeye anakwangua tope la shimoni kwenye buti. Nilimweleza yote: macho ya ukutani, kope, chama cha wayeye, mzee wa Samuye, rafiki aliyekimbia. Nilitarajia acheke. Baba alikuwa mwanafunzi wa dini wakati ule, anasubiri ubatizo, na mambo ya bibi aliyaita ya giza. Hakucheka. Aliliweka buti chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bebe Minza, wewe, umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Na wewe umeziona?"

"Nafumba macho."

"Endelea kufumba," alisema.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Mpaka dakika ile, sehemu ya moyo wangu ilikuwa ikitumaini kwamba mimi ni mjinga.

Jioni hiyohiyo baba na mama waligombana, jambo ambalo halikuwa desturi yao. Memsabu alikuwa amesema atampeleka mama kwa daktari wa misheni ng'ambo ya ghuba ya ziwa, akatwe ukope na kushonwa. Baba alikataa. Alitaka twende Samuye, mama akapitishwe na wayeye, ili kilichochukua macho kiyarudishe.

"Wewe unayejifunza dini?" mama alimuuliza.

"Dini haijanikataza kuogopa."

"Wakinipitisha, kope zitageuka?"

"Na huyo daktari akikata, akakosea? Utakuwa umeliwa mara mbili. Lori la kesho kutwa linakwenda Shinyanga. Tutapanda."

Mama hakubishana zaidi. Alisema tu kwamba kesho ataniomba mimi jambo moja, kisha yeye atafuata uamuzi wa baba, uwe wowote.

Asubuhi tulikwenda kazini kama kawaida. Mtambo ulikuwa umesimama kwa matengenezo, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kishindo. Mwanzo wa ujia mama alinishika bega. Nilikuwa nimekwisha kufumba.

"Fumbua," alisema.

Nikakataa. Nikalia, nikajitupa chini, nikamshika miguu asipite. Nilimwambia yote niliyomwambia baba, kwa Kisukuma, maneno yakikanyagana. Nilimwambia asizitazame tena, atazimaliza kope, atabaki jicho tupu. Mama alichuchumaa mbele yangu. Yeye pia hakucheka, na nilishangaa kwamba hata hakukasirika.

"Mimi nazitazama kwa sababu naogopa kuliko wewe," alisema. "Sikiliza. Tulipokuja hapa, nilikuwa nasimama pale mlangoni, naona kila ua. Naona hata shina. Baadaye, nikisimama palepale, maua mengine yakawa yanapotea. Leo haya, kesho yale. Nikajua macho yanakwenda. Kila asubuhi nasimama nione yamebaki mangapi. Siwezi kumuuliza mtu, wataniondoa kazini. Siwezi kumwambia baba yako. Sasa nataka kujua ukweli. Wewe una macho mazima. Ile picha ya mwisho kule, niambie ina maua mangapi."

Kama angenilazimisha nisingeweza. Lakini aliniomba, na nilisikia katika sauti yake kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mama yangu, kutetemeka. Nikafumbua.

Nilihesabu kwa kidole, nikikosea na kurudia, kwa maana hesabu ilikuwa haijanikaa sawasawa. Na ili kuhesabu ilinibidi nitazame. Nikaona shina, na majani ya kijani yaliyojikunja. Nikaona vidoa vya rangi vimepandana, na vijistari alivyovikwangua yule mtu kwa haraka, kama anayetaka kumaliza kabla mgeni hajabisha hodi. Nikaona ua lililoinama linaegemea lenzake. Hayakuwa macho. Sijui nilijuaje, ila hayakuwa. Yalikuwa maua, na yalikuwa mazuri, na manjano yake yalinipasha joto usoni. Nikamtajia mama idadi.

Aliielekea tena ile picha, akakaza jicho.

"Wewe umeona mangapi?" nilimuuliza.

"Sikuona hata moja," alisema. "Naona manjano tu. Kama mtu amemwaga kitu."

Hofu yangu ya kwanza ilikwisha pale ujiani, ikaja ya pili, na hii ya pili haikuwa na mganga wala kiapo. Mama yangu alikuwa anapofuka. Hakuna aliyemroga, hakuna wa kumlipa ili aache. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, na tangu siku ile mimi ndiye niliyemwongoza kupita katika ujia ule.

Jioni mama aliniamuru nimwambie baba kile nilichokihesabu mimi na kile alichokiona yeye. Nikamwambia. Baba aliinuka, akamkalisha mama mbele ya mlango, akanyoosha vidole vyake mbele ya uso wake, akauliza ni vingapi. Mama akakosea. Akasogeza mkono karibu, akauliza tena. Mama akakosea tena. Lori la Shinyanga liliondoka bila sisi.

Siku za hospitali sizikumbuki zote, kwa sababu hatukuruhusiwa kukaa naye. Nakumbuka daktari, mzungu mzee mwenye mikono safi mno, akituambia kwamba ugonjwa huo unaitwa vikope, kwamba ameona watu wengi wa vijiji vya ng'ombe wakiwa nao, na kwamba mama aliutoa nyumbani miaka mingi kabla ya kuiona picha yoyote. Alikuwa amezikata kope na kuzishona ziangalie nje. Kuhusu kilichokwisha kukwaruzwa ndani, alisema, hawezi kutuahidi. Jicho la kushoto tusilitegemee. La kulia, Mungu anajua. Baba aliitikia "ndiyo bwana" kwa kila sentensi, na nilijua hakuna aliyoisikia isipokuwa ile ya mwisho. Kwa wiki zile alinipikia ugali mbichi na akanifulia bila sabuni. Hatukuzungumza sana. Kila mmoja alikuwa anaogopa peke yake, chumba kimoja.

Siku ya kumfungua bandeji baba aliniamsha kungali na giza, akanivika kwa haraka na ile mikono yake ya shimoni, tukakimbilia lori la mgodi, kisha kivuko. Kote njiani alikuwa akisali, midomo tu ikicheza. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: nikasema nikiona ndege mweupe majini, mama ataona. Nikawaona wengi, nikaogopa kwamba nimewalazimisha.

Mama alikuwa amekalishwa kitandani karibu na dirisha. Muuguzi alifunga pazia nusu. Daktari akaniweka mbele ya kitanda, akaweka kidole mdomoni: nisiseme, nisikohoe, nisisogee. Akaanza kufungua kitambaa, polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Uso wa mama ulitokea, umevimba, una nyuzi nyeusi juu ya kope, si uso niliouacha. Akafumbua. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe. La kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na lilikuwa linatazama juu ya kichwa changu.

"Mama Minza," daktari akauliza, "unaona nini?"

Baba alikuwa nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake imekatika. Nilitamani kukohoa, hata kidogo tu, ili mama ajue niko upande gani asije akakosea mbele ya watu. Lile jicho likashuka taratibu, likapita usoni kwangu bila kusimama, likanifika kifuani, kiunoni, likabaki hapo. Nikajua haoni. Nikaanza kulia bila sauti, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa.

"Gashi! Kumbe!" mama akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya Samuye, ya mlangoni kwetu asubuhi. "Namwona mwanangu. Nani kamvika gauni akaligeuza?"

Nikajitazama. Mishono yote ilikuwa nje. Nilikuwa nimepita hivyo tangu alfajiri mbele ya dereva, watu wa kivuko, muuguzi, daktari na baba mwenyewe, na katika wote hao wenye macho yao mawili hakuna aliyekuwa ameona.